Mgeni wa Mshonaji

Magodoro yalifika jua likizama.

Yalitakiwa yafike asubuhi, lakini dereva wa lori alikuwa na hadithi ndefu ya pancha, nami sikuwa na muda wa hadithi. Nilikuwa mkuu wa zamu upande wa wanawake, na katika gereza letu hakuna kinachovuka lango bila kupekuliwa. Hata godoro. Unaliminya kutoka kichwani hadi miguuni, unapitisha vidole kwenye mshono wote, unalinusa. Watu huficha ndani ya sponji vitu usivyoweza kuamini. Niliwahi kukuta simu, niliwahi kukuta kisu, na mara moja nilikuta paja la kuku wa kukaanga limefungwa vizuri kwenye nailoni na mtu aliyempenda sana mfungwa wake.

Basi nilikuwa katika chumba cha upekuzi, kando ya lango, nimepiga magoti juu ya godoro la mwisho. Nikasikia mtu anagonga kidirisha cha wageni.

Kwa kucha. Taratibu.

Nilinyanyua kichwa. Kidirisha chenyewe ni kidogo, kina nondo na kioo kilichochakaa. Nyuma ya kioo alisimama mama mtu mzima, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alisimama karibu mno. Pua yake ilikuwa inagusa kioo.

"Hodi, mwanangu."

"Muda wa kuona wageni umekwisha, mama," nilimwambia.

"Najua. Natembea polepole siku hizi. Nimemfuata mkwe wangu."

"Mkwe wako ni nani?"

"Mshonaji."

Nilifurahi, sitaficha. Mshonaji tulikuwa naye tangu juzi, na hakuna ndugu aliyemuulizia hata kwa simu. Hakuwa na mtu wa kumletea kipande cha sabuni.

"Njoo kesho mchana," nilisema. "Uje na kitambulisho."

"Kitambulisho kiliungua."

Hapo ndipo harufu iliponifikia. Nguo iliyoungua, na chini yake kitu kingine, kama nywele... Nilidhani ni takataka zinachomwa huko nje.

"Basi uje na mtu wa kukutambua. Karibu sana, mama."

Nilisema kwa mazoea. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima akikupigia hodi, hata ukimfukuza unamfukuza kwa neno 'karibu'.

Kioo kiliingia mvuke upande wake. Nadhani alitabasamu.

"Ahsante," alisema. "Nimeshakaribia."

Mvuke ulipotoweka hapakuwa na mtu. Nilimuuliza askari wa lango, aliyekuwa amesimama hapo hapo nje, yule mama ameelekea wapi.

Akanitazama. "Mama yupi, afande?"

*

Upande wa wanawake tulikuwa wawili zamu ile, mimi na mwenzangu tuliyemwita Mnara kwa urefu wake. Tulishika godoro huku na huku tukalipitisha kwenye ukumbi.

Sisi hatuchimbi kesi za watu. Karatasi ya Mshonaji ilisema kosa ni kuchoma nyumba, na kwangu hiyo ilitosha. Aliletwa na polisi nguo zimechanika, kioo cha gari kimepasuka kwa mawe ya majirani zake. Wanawake wa bwenini walimkataa alipotia mguu tu. Wakasema ni mchawi, hawalali naye chumba kimoja. Kwa hiyo nilimweka peke yake kwenye chumba kidogo jirani na meza yetu. Haikuwa adhabu, ilikuwa kumlinda. Tulikuwa tunamchungulia kila mara kupitia tundu la mlango kuona kama anapumua, kama amekula.

Hiyo ndiyo amri ya mkuu wetu wa gereza, mama mfupi mwenye miwani. Wafungwa wanamwita Bi Utaratibu na yeye anajua wala hajali. Siku yangu ya kwanza kazini alinisimamisha mbele ya lango akaniambia, "Anayeingia hapa mzima atatoka mzima. Usimpende, usimchukie. Mtunze." Basi. Mafunzo mengine yote ni maelezo ya hayo maneno.

"Leo angalau amepata mgeni," nilimwambia Mnara. "Mama mkwe wake amekuja. Nimemwambia arudi kesho."

Mnara aliachia godoro.

"Mama mkwe wake nani?"

"Ana mama wakwe wangapi?"

"Afande..." Sauti yake ilishuka. "Nyapara wa bwenini anatoka mtaa mmoja naye. Kanieleza habari yote. Huyo mama mkwe ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba."

Tulisimama pale na godoro katikati yetu.

Ndipo sauti ikatoka chini ya mlango wa chumba kidogo. Mshonaji alikuwa amelala kifudifudi, mdomo kwenye uwazi wa sakafuni.

"Amefika?"

Mnara alirudi nyuma hatua moja.

"Afande. Alipopiga hodi... ulimjibu nini?"

*

Moshi ulianza bwenini.

Kwanza kikohozi kimoja. Kisha cha pili. Kisha kundi zima likawa linakohoa na kugonga nondo kwa vikombe. Taa zilififia zikabaki na wekundu hafifu, kama kaa linalozimika. Nilikimbia hadi kwenye nondo. Nilinusa moshi mkali kabisa, wa kukwaruza koo, lakini hewa ilikuwa safi. Sikuona hata utepe wa moshi. Wanawake walikuwa wanatokwa machozi, wamejiziba pua kwa nguo zao.

Nyapara alikuwa ameshika nondo kwa mikono yote miwili. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na mle ndani neno lake hutangulia langu.

"Mtoeni huyo," alisema. "Mtoeni nje, anayemtaka amchukue. Sisi tuna watoto nyumbani."

Mnara alinivuta mkono. "Anasema kweli, afande. Tumfungulie mlango wa nyuma tu. Tuseme alitoroka. Hakuna atakayemlilia."

Aliyasema hayo mtu ambaye nimekula naye sahani moja kwa miaka. Simlaumu. Meno yake yalikuwa yanagongana.

Lakini kitu ndani yangu kilikataa. Nilikuwa naogopa, na bado kikakataa. Nilikumbuka majirani na mawe yao. Huko nje wamemkataa, bwenini wamemkataa, na sasa kumekuja kitu kisichojulikana ni nini kudai kipewe mtu, nasi tumfungashe kama mzigo.

"Hatoki," nilisema.

"Afande..."

"Hatoki, Mnara. Shika funguo."

Sasa sikiliza nilivyobanwa. Moshi unaonusika bila kuonekana unaweza kuwa uchawi. Unaweza pia kuwa waya unaoungua darini, na magodoro ya sponji yakishika moto watu hufa kabla hujamaliza kutafuta ufunguo. Nikifungua milango gizani, ninampa yule mama anachokitaka. Nisipofungua na moto ukawa wa kweli, nimewaua wanawake wote kwa sababu ya kuogopa mzimu.

Nilichagua utaratibu. Mzimu sikufundishwa. Moto nilifundishwa.

Niliwaita lango kwa redio. "Moshi upande wa wanawake. Mitungi ya zimamoto ije. Lango la nje lisifunguliwe kwa yeyote." Kisha nikapita mlango hadi mlango nikigusa kila mmoja kwa nyuma ya kiganja, maana mlango wenye moto nyuma yake haufunguliwi ovyo. Stoo, baridi. Bafuni, baridi. Bwenini, baridi.

Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wa moto.

Nilichungulia. Mshonaji alikuwa amekaa kwenye kona, magoti kifuani. Hakuna moto. Alikuwa anatazama dari juu ya kitanda chake, na midomo inatembea.

"Simama mbali na mlango," nilimwambia. "Tunafungua. Mnara, simama nyuma yangu."

Tulifungua tukiwa wawili, kama inavyotakiwa. Nilimtoa nikiwa nimemshika bega, Mnara akafungua bwenini, nikatoa amri kwa sauti niliyoazima sijui wapi: kila mtu ashike bega la aliye mbele yake, asikimbie, asiachie. Walitii. Hofu ikipewa la kufanya hutulia kidogo. Msururu ulitoka ukikohoa hadi kwenye uwanja wa ndani, penye kuta ndefu pande zote na anga lililobakiwa na mwanga wa zambarau.

Nje moshi haukunuka tena. Nikaanza kuhesabu.

Nikahesabu mara ya pili.

Mnara alihesabu upande wake, akaja kuninong'oneza jibu lake, nalo lilikuwa sawa na langu.

Amezidi mmoja.

Katika kazi yetu hesabu ikipungua unapiga filimbi. Hakuna aliyetufundisha la kufanya ikizidi.

*

Giza lilikuwa linaingia, na nyuso zimeanza kufanana. Vitambaa vya kichwa, mabega, pumzi. Aliyezidi alikuwa mmoja wao, na wengine hawajui.

"Sikilizeni," nilisema. "Nitakugusa bega, nitakutazama usoni, utavuka usimame ukutani kwa Mnara. Asiyeguswa asitembee."

Nilimgusa wa kwanza. Joto la mtu, jasho, uso ninaoujua. Vuka. Wa pili, yule mwenye mimba. Vuka, mama, polepole. Binti wa wizi wa simu. Mwalimu wa kesi ya ushirika uliofilisika. Nyapara, aliyenitazama kwa macho makali. Vuka. Kila nilipomgusa mmoja nilijiuliza kama mkono wangu utatua kwenye kitu kingine.

Wakapungua. Wakapungua...

Wakabaki wawili.

Mshonaji, na aliyesimama nyuma yake. Kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa amemshika mkono, juu ya kiganja, kama unavyomshika mtoto barabarani.

Huko ukutani mtu alianza kuomba dua kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza mwenyewe.

"Nimemfuata mkwe wangu," alisema yule mama.

"Nilikusikia mara ya kwanza."

"Aliolewa kwangu. Ni wangu."

"Huyu ni mahabusu wa mahakama. Hatoki bila hati ya hakimu. Unayo?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mdomo ulikuwa bado kazini.

"Aliyenituma si hakimu wenu," alisema.

"Basi huyo aliyekutuma aandike barua. Tutaipeleka kwa Mkuu."

Alicheka. Sauti kavu, kama majani yanayopondwa. Kisha akaanza kurudi nyuma kuelekea kona yenye giza, na Mshonaji akamfuata bila kupinga, miguu inaburuzika, macho wazi hayaoni kitu.

Kona ile haina mlango. Ni ukuta mtupu. Lakini giza lake lilikuwa limeongezeka kina... kama njia.

Niliruka nikaushika mkono wa Mshonaji wa upande wa pili. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyo jikoni. Nilisikia ngozi ya kiganja changu ikilia. Sikuachia. Nilivuta, na yule mama akavuta, nami nikaelewa kwamba ananivuta hata mimi. Viatu vyangu vilikuwa vinateleza kwenye saruji.

"Achia," alininong'oneza. "Huyu hakuhusu."

"Ananihusu."

"Utaungua."

"Nitaungua. Hatoki."

Kikanikamata kitu kiunoni kwa nyuma. Nilidhani nimekwisha. Kumbe ni mikono, mikono minene ya mtu mwenye joto la kawaida, na sauti ya kuuzia samaki sikioni mwangu.

"Vuta, afande," alisema Nyapara. "Na nyie mmesimama mnatazama sinema? Njooni."

Nao wakaja. Sikuwaamuru. Walivuka uwanja wakashikana viunoni, Mnara katikati yao na urefu wake wote, hata yule mwenye mimba akaja, tukamfukuza akakataa kufukuzika. Muda mfupi tu uliopita, kwenye nondo, walitaka atupwe nje. Sasa walikuwa wanamvuta kama ndugu yao aliyetumbukia kisimani.

Uso wa yule mama ulinijia karibu, karibu kuliko ulivyokuwa kwenye kioo. Chini ya kitambaa hapakuwa na macho ya kutazama. Palikuwa na wekundu ule ule wa taa zetu.

"Muulize," alisema polepole, "alifunga mlango kwa upande gani."

Akaachia.

Tulianguka chini wote, lundo la mikono na miguu. Taa zikawaka. Kona ilikuwa kona tu, na juu ya saruji palibaki majivu laini ambayo upepo uliyachukua kabla sijasimama.

*

Bi Utaratibu alifika pamoja na wenye mitungi, kandambili miguuni na miwani imepinda. Alikagua kila chumba mwenyewe, akapanda ngazi akachungulia darini. Waya wote wazima. Akamwita muuguzi awapime wanawake mmoja mmoja, mwenye mimba kwanza. Kisha akanikalisha na kiganja changu kwenye beseni la maji.

"Kuna aliyetoka?"

"Hakuna, Mkuu."

"Aliyeumia?"

"Mimi tu."

"Aliyeingia?"

"Kuna mtu nilimwambia karibu, Mkuu." Alinitazama juu ya miwani, kisha akatazama alama nyeusi za vidole mkononi mwa Mshonaji.

"Kuanzia sasa," alisema, "getini tunawaambia wageni 'tutaonana'. Hilo neno lingine tuwaachie wenye nyumba."

Mpaka leo ndiyo amri, na askari wapya wakiuliza sababu huambiwa waulize wenyewe kwa Mkuu. Hawaulizi.

Mshonaji alilala bwenini. Nyapara ndiye aliyetaka hivyo. Alivuta godoro lake jipya akalitandika kando ya la Mshonaji, upande wa mlangoni, akalala hapo na mgongo wake mpana kama kabati.

*

Asubuhi ilikuwa siku yake ya mahakama. Nilimpekua kabla ya kupanda gari, kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa bandeji. Alinyoosha mikono bila kuambiwa.

"Afande, hujaniuliza alichosema."

"Wala sitakuuliza. Hiyo ni kazi ya hakimu."

"Nilifunga kwa nje."

Niliendelea kupapasa upindo wa gauni lake.

"Mume wangu alipofariki, mama hakulia," alisema. "Aliacha kula. Aliacha kulala. Kila magharibi ninamkuta amesimama juu ya kitanda cha wanangu, anawanusa. Godoro linabaki na alama za nyayo, afande, zimeungua. Siku ile niliwatoa watoto nikawapeleka kwa mama yangu. Kisha nikamfungia. Nilitaka upite usiku mmoja tu asitufuate. Moto sikuuwasha mimi. Moto ulitoka kwake. Na polisi walipochambua majivu hawakupata hata jino."

Huenda alisema kweli. Huenda ni maneno ya mtu aliyefunga mlango na kuwasha kiberiti. Nimeshika kazi hii muda mrefu, na sura ya mtu haijawahi kunijibu swali kama hilo.

"Ungejua nilimfungia," aliniuliza, "ungeniachia jana?"

"Hapana."

"Hata kama nilimuua?"

"Ningekushika vile vile. Geuka nimalizie mgongo."

Alilia kidogo, bila sauti. Nikamkabidhi kwa askari wa kusindikiza, msichana wa zamu ya asubuhi, aliyemfungia nyuma peke yake kisha akakaa mbele na dereva. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Nilibaki nimesimama uwanjani nikitafuta funguo za nyumbani kwa mkono usiouma.

Gari liligeuka. Kupitia wavu wa dirisha la nyuma nilimwona Mshonaji amekaa peke yake kwenye benchi, kichwa kimeinama.

Kisha akasogea.

Alisogea hadi mwisho wa benchi, akakusanya gauni lake mapajani, akakunja miguu. Kama unavyosogea kwa adabu kumpisha mtu mzima akae.

Nilipiga filimbi. Gari likasimama kabla ya lango. Nilifungua komeo la mlango wa nyuma, nikapanda, nikaufunga kwa ndani. Mshonaji alinitazama kwa macho makubwa, akatikisa kichwa: usiketi hapo, afande, usiketi.

Niliketi hapo.

Benchi lilikuwa la moto. Karibu na sikio langu kitu kilipumua, pumzi kavu, ndefu, isiyo na haraka. Sikugeuka. Nilimshika Mshonaji mkono kwa kiganja changu kizima, nikagonga ukuta wa kabini.

"Dereva," nilisema. "Twende."